Shangazi, ofisini wamenitangaza kuwa mnene kuliko wote

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 38, naishi Gongo la Mboto na nafanya kazi kwenye kampuni ya uwakala wa forodha maeneo ya Kurasini. Tupo wafanyakazi kama sitini. Tangu Januari kampuni imeanzisha mpango wa afya kazini na mwanzoni nilifurahi sana. Walileta watu wa kutupima, kuna mtaalamu wa lishe anakuja mara moja kwa mwezi, na Jumatano jioni tunafanya mazoezi uwani.

Siku ya kupimwa nilikutwa na kilo 94, na urefu wangu ni mita 1.62. Presha ilisoma 146 kwa 92. Sukari nilipimwa kabla ya kula kitu, ikaja 6.3. Dada aliyenipima aliandika kwenye kikaratasi, akaniambia "punguza uzito mama," akaita mwingine.

Kilichoniumiza ni shindano. Kila Jumatatu asubuhi tunapanda mzani, halafu afisa rasilimali watu anarusha jedwali kwenye grupu la ofisi, jina la mtu na kilo zake, kuanzia aliyepungua kuliko wote hadi wa mwisho. Mshindi baada ya miezi mitatu atapewa friji. Wiki ya kwanza wa mwisho nilikuwa mimi. Kijana mmoja wa idara ya usafirishaji akaandika chini ya jedwali: "Kontena la futi arobaini bado halijatoka bandarini." Watu wakacheka, hadi meneja. Na mimi nikaweka kicheko pale ili nisionekane nimeumia, kisha nikaenda chooni nikalia.

Nikasema nitawaonyesha. Wiki mbili sikula chakula cha mchana. Asubuhi maji ya moto na limao, mchana maji, usiku matonge mawili ya ugali. Nikapungua kilo 4, nikapigiwa makofi kwenye grupu. Lakini Ijumaa ya wiki ya pili, nimesimama kwenye daladala, tuko kwenye foleni pale Tazara, nikaona giza. Konda ndiye aliyenidaka, akamwinua abiria mmoja nikakaa. Niliposhuka Gongo la Mboto miguu inatetemeka, nikaenda moja kwa moja kwa muuza chipsi. Nikala zege la mayai matatu na mishkaki miwili, nimesimama pale pale, na soda juu. Tangu siku hiyo kila jioni napita kwake. Kilo zote 4 zimerudi na zimekuja na mwenzao mmoja.

Siku yangu iko hivi. Natoka nyumbani saa 11 alfajiri. Ofisini nakunywa chai ya maziwa, vijiko vitatu vya sukari, na maandazi manne. Mchana wali nyama wa mama lishe hapo getini, na soda. Saa 10 chai nyingine, na kukiwa na kikao kuna sambusa. Nyumbani nafika saa 3 usiku nakuta ugali umefunikwa.

Mtaalamu wa lishe alitupa karatasi: asubuhi uji wa oti, mchana kifua cha kuku na brokoli, usiku samaki wa salmoni na saladi. Nilikwenda supamaketi, nikasoma bei, nikarudisha vitu kwenye rafu. Mume wangu nilipomwambia nataka kupungua alinuna, akasema watu watadhani hanilishi. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye na ndiye anayepika siku za kazi, aliniuliza kwa sauti ya chini kama nimeshapima "ule ugonjwa".

Shangazi, nijitoe kwenye huu mpango? Na kama nikijitoa, nitaanzia wapi peke yangu?

Jina kapuni, Gongo la Mboto

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale Tazara. Mtu ambaye presha yake imesoma juu, kisha anaona giza ndani ya daladala baada ya siku kumi na kitu za kujinyima hana haja ya ushauri wa mapishi kwanza. Kwa hiyo kabla ya friji, kabla ya yule kijana na kontena lake, wiki hii nenda kituo cha afya. Mweleze daktari kila kitu, pamoja na lile giza.

Kipimo kimoja cha presha, kilichochukuliwa ofisini watu wakiwa kwenye foleni wanasubiri zamu, hakitoshi kumwita mtu mgonjwa. Lakini 146 kwa 92 imevuka mstari wa 140 kwa 90, na ukivuka mstari huo siku mbili tofauti, hapo daktari anakuwa na la kusema. Kaa dakika tano umetulia kabla hawajakufunga ule mpira mkononi, usiongee, miguu yote miwili chini. Sukari nayo, 6.3 kabla ya kula, bado si kisukari. Kisukari kinaanza kuhesabiwa kwenye 7.0. Lakini ya kawaida inatakiwa kuwa chini ya 6.1, kwa hiyo yako imeshatoka nyumbani, iko njiani. Hiyo ni habari nzuri kuliko unavyodhani, kwa sababu mtu aliye njiani anaweza kurudishwa. Yule dada aliyekupima ndiye alipaswa kukueleza haya badala ya kuita mwingine.

Na kufunga kusiko na dini wala daktari, acha leo. Limao halina kosa, kosa ni kulifanya chakula.

Sasa nikujibu swali lako. Jitoe kwenye shindano, baki kwenye mpango. Hivyo ni vitu viwili, ila ofisi yenu imevichanganya kwenye sufuria moja.

Nikuambie kwa nini nasema ubaki. Kuna utafiti mkubwa ulifanyika Marekani, majibu yake yakachapishwa 2002, ukiwa na watu zaidi ya 3,000 ambao sukari zao zilikuwa njiani kama yako. Kundi moja liliwekewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya kawaida, kama kutembea kwa haraka, dakika 150 kwa wiki. Hawa walipata kisukari kwa asilimia 58 chini ya wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani. Asilimia 7 kwako wewe ni kilo 6 na nusu hivi, wala si thelathini. Lakini sikiliza walivyozipata. Kila mmoja alikuwa na mtu wake wa kumfuatilia, wakikaa wawili, somo baada ya somo, masomo 16 katika miezi ya mwanzo. Hakuna aliyebandikwa kwenye grupu wenzake wamcheke. Mtu wa kumfuatilia mwingine ndicho kitu ambacho mpango wa ofisi unaweza kukupa na mimi kwa barua siwezi. Mtaalamu wa lishe anakuja kila mwezi na tayari ameshalipwa. Mwombe dakika ishirini za peke yako, mlango umefungwa, umweleze siku yako kama ulivyonieleza mimi, kuanzia saa 11 alfajiri mpaka zege.

Ile karatasi yake mrudishie kwa adabu. Salmoni! Mtu anafanya kazi Kurasini, Soko la Samaki Feri liko hapo jirani, anaandikiwa samaki wa kusafirishwa kwa ndege. Taasisi yetu ya Chakula na Lishe ipo tangu 1973, na haijawahi kusema lishe bora inaanzia kwenye brokoli. Mwambie: "Naomba unipangie kwa vyakula vya Buguruni." Akishindwa hapo, basi kuna jambo kuhusu mtaalamu huyo.

Kuhusu jedwali la kilo. Kampuni kutaka wafanyakazi wenye afya si kosa, hata Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inazungumzia kupima afya za wafanyakazi. Kosa ni kuzitangaza. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kwenye sheria hiyo habari za afya ya mtu ni taarifa nyeti, haziguswi hovyo bila ridhaa yake ya maandishi, isipokuwa kwa sababu ambazo sheria yenyewe imezitaja. Shindano la friji sidhani kama ni mojawapo. Lakini usiende na sheria mkononi kama mtu anayefungua kesi, bado unahitaji kuishi na watu hawa. Mwandikie afisa rasilimali watu ujumbe wake peke yake, nje ya grupu, hivi:

"Habari za kazi. Nashukuru kwa mpango wa afya, na nitaendelea na mtaalamu wa lishe na mazoezi ya Jumatano. Naomba jina langu na uzito wangu visiwekwe tena kwenye grupu, na vile vya nyuma vifutwe. Ni taarifa zangu za afya na sijaridhia zitangazwe."

Ukishatuma, Jumatatu usipande mzani. Akikuuliza sababu, jibu liko kwenye ujumbe. Wala usishangae ukiambiwa na wenzako wawili watatu pembeni kwamba nao walikuwa wanasubiri mtu aseme. Yule kijana wa usafirishaji mwambie uso kwa uso, siku ametulia, kwamba utani wake ulikuumiza. Wengi wao hawana ubaya, hawajaambiwa tu.

Tuje kwenye sahani. Hapa nitakaa kidogo.

Nimesoma siku yako na nimeona watu watatu wanaokulisha: mama lishe, mama mkwe na muuza chipsi. Wote watatu mpango wenu haujawaalika hata siku moja. Huyo mama wa getini analisha nusu ya ofisi siku tano kwa wiki, kama kuna mtaalamu wa lishe Kurasini ni yeye. Tazama anavyopakua. Wali unatoka kwa upawa mara tatu mpaka unakuwa kilima, juu vipande viwili vya nyama na mchuzi unaong'aa mafuta, maharage kijiko kimoja, mchicha kidogo pembeni kama ua la kupambia, kipande cha tikiti. Vitu vyote vizuri viko pale, vimekosea vipimo tu. Kesho mwambie, "Mama, mimi nipunguzie wali upawa mmoja na nusu, nafasi yake nijazie mboga na maharage." Pengine atakuuliza kama unaumwa, halafu atakwambia bei ni ile ile. Lipa bei ile ile. Baada ya siku tatu atakuwa anakupakulia hivyo kabla hujafungua mdomo, maana mama lishe wanajua sahani za wateja wao kuliko wanavyojua majina yao. Muulize pia kisamvu anapika siku gani, na siku ya dagaa chukua dagaa.

Lingine hapo hapo ni sukari. Chai mbili za vijiko vitatu ni vijiko sita, gramu 24 hivi. Soda moja ya mililita 350 ina kama gramu 35. Hapo umeshapita gramu 50, na Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongeza isizidi hapo kwa mtu anayekula kalori 2,000 kwa siku, na ikishuka hadi 25 ndiyo bora zaidi. Bado hatujafika kwenye andazi. Anza na soda ya mchana, iache, kunywa maji. Inauma wiki ya kwanza, halafu inapita. Chai ya asubuhi na ya saa 10 shusha kijiko kimoja kila baada ya wiki mbili. Ukikata vyote kwa mpigo utarudia vyote kwa mpigo, umeshaonja hilo kwenye kufunga. Maandazi manne yawe mawili, au ukipata muhogo au kiazi kitamu cha kuchemsha, hicho kwanza, na yai la kuchemsha pembeni. Yai la kuchemsha halikosekani mtaani Dar.

Mambo ya vikao yapeleke kwenye mpango. Uliza mbele ya watu, kwa upole: mbona tuna mtaalamu wa lishe lakini kila kikao kina sambusa na soda? Waweke ndizi, machungwa, karanga na maji. Hela ni ile ile au pungufu, na hapo hakuna anayepimwa wala kuchekwa, meza ndiyo inabadilika.

Zege. Mwanangu, wewe huna tatizo na chipsi mayai, una tatizo na saa. Kutoka chai ya saa 10 mpaka saa 3 usiku ni saa tano, na nyingi umesimama kwenye daladala. Ukishuka pale mwisho harufu ya mafuta yanayochemka haikuulizi maoni. Kwa hiyo usiifikie na njaa. Kabla hujatoka ofisini kula ndizi mbivu mbili na kiganja cha karanga, na ukisahau kuzibeba, wachuuzi wa dirishani pale kwenye foleni wanazo. Kisha shukia mlango wa upande wa pili wa kituo kama upo. Sitanii, nilipokuwa nakatisha mazoea yangu ya vitumbua nilibadilisha njia ya kwenda kazini miezi miwili. Zege ulile Jumamosi, umekaa, na mume wako, na kachumbari ya kutosha, na usiongeze chumvi juu. Chumvi yote ya siku nzima haitakiwi kuzidi kijiko kimoja cha chai, na kwa presha yako hilo ni kubwa kuliko kilo.

Tumefika nyumbani. Umekosea neno moja tu. Ulimwambia mume wako "nataka kupungua." Kwa wengi wetu hapa, mke kupungua ni habari ya mtaa: ana shida gani, hapendwi, anaumwa, mume kafulia. Na mama mkwe wako alipouliza kuhusu ule ugonjwa hakuwa na nia mbaya. Ni mtu aliyeona watu wakikonda miaka ile kabla dawa hazijafika, akazika. Kwao kukonda kuna maana moja. Sasa lete maneno mengine. Ukirudi kutoka kituo cha afya na kipimo cha pili, waweke wote wawili sebuleni, toa kile kikaratasi, sema: "Presha yangu imesoma hivi. Daktari amesema nipunguze chumvi, mafuta na sukari. Naogopa, nisaidieni." Presha kila ukoo unayo. Nakuhakikishia kabla hujamaliza sentensi mama mkwe atakuwa ameshamtaja dada yake aliyepooza upande mmoja.

Hapo hapo mkabidhi usukani. Mwombe apike anavyojua yeye, vya zamani: mlenda, matembele, kisamvu, kunde, choroko, samaki wa mchuzi badala ya kukaanga. Ugali wa sembe achanganye na dona nusu kwa nusu, watoto hawatagoma sana. Ombi jingine liwe moja tu, mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye dumu. Hilo moja ukilipata umepata mengi. Na chakula chako cha usiku akufunikie kwenye sahani yako mwenyewe, mboga nyingi na ugali wa ukubwa wa ngumi yako, maana hotpoti iliyojaa saa 3 usiku haina mwisho.

Mazoezi sitaandika mengi. Jumatano unayo, nenda. Siku nyingine tembea dakika ishirini baada ya kula mchana, ndani ya uzio wa ofisi kama nje kuna malori, na pale Kurasini najua yapo. Usiku wa saa 3 usitembee kwa ajili ya mazoezi, rudi nyumbani.

Ukishapima mara ya pili niandikie, uniambie presha imesoma ngapi na mama lishe alikujibu nini. Kilo sitaki kuzijua.

Shangazi